Kopo la Transista

Karibu kila kitabu cha kumwanzisha mtu elektroniki kinaanza na orodha ya manunuzi. Rezista kadhaa, kapasita mbili tatu, transista, taa ndogo za LED, betri, bodi ya kuchomekea. Aliyeandika kitabu anaishi katika mji ambao duka la vipuri liko mtaa wa pili, kwa hiyo kwake kuchagua ni kusoma katalogi na kulipa. Mimi nilijifunzia Mbeya, na sasa kila Jumamosi nakutana na vijana wachache Iringa tunaojenga saketi ndogondogo. Katika miji yote miwili orodha ile ikifika inageuka kuwa maswali mawili. Tayari tuna nini? Na kilitoka wapi?

Nimekuja kuona kwamba swali la pili ndilo linalojibu la kwanza. Vipuri vilivyolala kwenye makopo ya mafundi redio wa Nyanda za Juu Kusini havikuagizwa na mtu mmoja kwa mpango mmoja. Vililetwa na redio, na redio zililetwa na ukoloni, na uhuru, na viwanda, na uhaba, na soko huria. Anayejua mpangilio huo anaweza kuchagua transista bila katalogi.

Tuanzie upande wa pili wa mpaka wa Tunduma. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyoitwa Saucepan Special. Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni huko Lusaka, alikuwa ametafuta kwa muda mrefu kampuni ya kutengeneza redio ambayo mtu wa kijijini asiye na umeme angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilikubali. Mashine ilikaa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, ndipo jina likatoka hapo, na bei ilikuwa pauni 5, betri mbali. Ndani yake mlikuwa na valvu nne, vichupa vya kioo ambavyo havifanyi kazi mpaka nyuzi zake zipate moto. Ndiyo maana betri yake ilikuwa kubwa na ghali: sehemu ya umeme ilikuwa inachemsha vichupa kabla hata sauti haijasikika.

Huku kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka huohuo, Ifunda, kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini ukishika barabara ya Mbeya, shule ya ufundi ilifunguliwa mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili waliishi wakimbizi kutoka Poland. Napenda kuziweka tarehe hizi mbili pamoja, ingawa hakuna aliyezipanga hivyo. Redio ilifika katika nchi hii wakati uleule ambao vijana wa Nyanda za Juu walianza kufundishwa kazi za mikono darasani. Hata hivyo, mafundi redio niliowafahamu mimi hawakupita shuleni huko. Walijifunza kwa kukaa kwenye kibao kando ya fundi mwingine, wakishika tochi.

Kilichowawezesha ni transista. John Bardeen na Walter Brattain waliionyesha ya kwanza Desemba 1947, katika maabara za Bell nchini Marekani, wakiwa kwenye kundi lililoongozwa na William Shockley. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ilianza kuuzwa huko Marekani, ikiwa na transista nne tu. Transista haihitaji kupashwa moto. Inakula umeme mdogo, haivunjiki ikianguka, na betri za tochi zinaitosha. Kwa mji kama Mbeya, na hasa kwa vijiji vya Rungwe, Mbozi au Makete visivyokuwa na nguzo hata moja ya umeme, hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko sauti nzuri.

Baada ya uhuru redio ikawa chombo cha taifa. Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1956, lilichukuliwa na serikali mwaka 1965 na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina lake la biashara, National, likakaa midomoni mwa watu kupitia redio na betri. Philips ya Uholanzi ikawa na kiwanda Arusha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo takriban watu milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hesabu hiyo inasimulia mambo mengi kuhusu elimu ya watu wazima, lakini mimi huwa nafikiria upande wake wa nyuma. Kila kikundi kilihitaji redio inayofanya kazi siku ile na saa ile. Kapasita moja ikikauka, au waya wa spika ukikatika, kikundi kizima kinarudi nyumbani bila somo. Fundi aliyekaa kwenye kibaraza cha duka akiwa na chuma cha kulehemu kinachopashwa kwenye jiko la mkaa alikuwa sehemu ya kampeni, japo hakuandikwa popote.

Betri nazo zilikuwa na elimu yake. Zikichoka, watu walizianika juani juu ya bati, na jioni zilitoa nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari. Joto huchangamsha kidogo kemikali iliyolala, basi. Mtoto aliyetumwa kugeuza betri juani, asubuhi ya Juni ambapo baridi ya Mbeya inakata masikio, alikuwa ameshaanza kujifunza kwamba umeme si kitu cha ukutani.

Halafu milango ikaanza kufungwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo kwa kizazi kizima cha bara redio ndiyo ilikuwa mashine pekee ya elektroniki ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifungua. Ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, na mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo kuwa na shehena ya kitu chochote kilichokosekana madukani kulimtia mtu matatani. Nani angekuwa na fedha za kigeni za kuagiza transista?

Hapo ndipo makopo yalipozaliwa. Redio iliyokufa haikutupwa. Ilichinjwa, na kila kiungo kikaingia kwenye kopo la maziwa au la kahawa: rezista kopo lake, transista kopo lake, skrubu kopo lake. Redio ya mteja ikija na transista iliyoungua, fundi alitafuta ndani ya kopo iliyo karibu nayo. Neno lao lilikuwa "mbadala", na kulikuwa na mafundi waliojulikana mji mzima kwa sababu walijua mbadala wa nini ni nini. Huo ndio ulikuwa ujuzi wenyewe. Kubadilisha kipuri kwa kingine kilekile anaweza yeyote mwenye duka. Kubadilisha kwa kisichofanana, na redio ikaimba, kunahitaji kuelewa kipuri kinafanya kazi gani pale kilipo.

Fundi aliyenifundisha alikuwa Mwanjelwa. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 kibanda chake kiliteketea, na alichowahi kutoka nacho ni mita yake ya kupimia na makopo mawili. Mita nilielewa. Makopo sikuyaelewa mpaka aliponimwagia moja juu ya gazeti akaniambia, "Mwanangu, soma." Hakumaanisha gazeti.

Herufi zilizochapwa kwenye transista zina utaratibu, na utaratibu huo ni ramani. Zile za zamani kabisa kwenye kopo lile zilianza na OC: OC44, OC45, OC71. Ni za Ulaya, za familia ya Philips na Mullard, na ni za jerimaniamu. Baadaye Wazungu walianzisha utaratibu mpya wa pamoja: herufi ya kwanza inataja madini, A kwa jerimaniamu na B kwa silikoni, ya pili inataja kazi, C kwa sauti ya nguvu ndogo, D kwa nguvu kubwa, F kwa masafa ya juu. Kwa hiyo AC128 ni jerimaniamu ya sauti, na BC547 ni silikoni ya kazi ileile. Wajapani walikuwa na utaratibu wao: 2SA na 2SB kwa aina ya PNP, 2SC na 2SD kwa aina ya NPN. Kwenye kifaa chenyewe kwa kawaida wanaacha 2S, ndiyo maana unakuta C945 au A1015 pekee. Wamarekani wanaanza na 2N. Wachina wa wakati wa Mao walikuwa na 3AX, 3DG na kadhalika, na baadaye viwanda vyao vikajaza dunia kwa S9014 na S8050.

Sasa mwaga kopo na upange. Rundo la OC na AC ni miaka ya 1960, wakati bidhaa bado zilifuata njia za London na Uholanzi. Rundo la C na A ni Japani, redio za National na baadaye redio kaseti. Rundo la S ni miaka ya 1990 na kuendelea, baada ya mageuzi ya biashara yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na kushika kasi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, watu walipoanza kusema ruksa na bidhaa za bei rahisi zikaingia kwa malori. Kati ya rundo la pili na la tatu kuna pengo. Vipuri vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni vichache mno, na vingi vina miguu mifupi iliyolehemiwa zaidi ya mara moja. Uhaba unaonekana kwa macho: kipuri kimoja kimepita redio mbili au tatu.

Mpangilio huu unamsaidia vipi anayeanza leo? Kwanza, unamwambia atarajie nini. Diodi au transista ya jerimaniamu inaanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 au 0.3 hivi, ya silikoni kwenye 0.6 au 0.7. Mita ya kawaida inaonyesha tofauti hiyo mara moja. Ukitaka kujenga redio ndogo isiyo na betri kabisa, inayokula nguvu ya mawimbi yenyewe, diodi ya jerimaniamu iliyochomolewa kwenye redio ya zamani ni bora kuliko diodi mpya ya dukani, kwa sababu wimbi ni dhaifu na haliwezi kuvuka kizingiti cha silikoni. Kipuri cha zamani hapo hakichukuliwi kwa umaskini. Kinachukuliwa kwa sababu kinafaa.

Pili, unamwepusha na mtego. BC547, 2N3904 na C945 zote ni NPN ndogo za silikoni, zote nyeusi, zote na miguu mitatu, na katika saketi ya kuanzia zinaweza kushika nafasi moja. Lakini ukizitazama upande bapa, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto BC547 ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. C945 ni emita, kolekta, besi. Mabara matatu yalikubaliana juu ya umbo, hayakukubaliana juu ya miguu. Vijana wa Iringa wanaifahamu tofauti hii kabla ya kujua kanuni yoyote ya hesabu, maana ndiyo inayofanya saketi iliyo sahihi kwenye karatasi ikae kimya mezani.

Basi nikipewa kijana asiye na kitu, ninaanza naye na taa mbili zinazopokezana kuwaka. Babu yake saketi hiyo ilielezwa na Wafaransa Henri Abraham na Eugène Bloch mwaka 1919, wakitumia valvu. Inahitaji transista mbili za NPN, rezista nne, kapasita mbili, LED mbili na betri nne za tochi, yaani volti 6. Hakuna IC. IC maarufu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind na kuingia sokoni mwaka 1972, ingefanya kazi hiyo kwa vipuri vichache zaidi, lakini inaficha ndani yake kilekile ambacho kijana anapaswa kukiona. Kwenye saketi ya transista mbili unaweza kugusa kila hatua kwa ncha ya mita.

Rezista ya LED tunaitafuta kwa hesabu. LED nyekundu inabaki na volti 2 hivi. Kati ya volti 6 zimebaki 4. Tukitaka mkondo wa miliampia 10, volti 4 gawanya kwa ampia 0.01 ni omu 400. Hapo kijana anapekua kopo akitafuta 400 na hapati, na hatapata hata duka lolote. Thamani za kawaida ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha unazidisha kwa kumi. Zilipitishwa kimataifa mwaka 1952, wakati rezista nyingi zilitengenezwa kwa makosa ya asilimia 10 juu au chini, na hatua hizo zinatosha kufunika nafasi yote bila kiwanda kutengeneza namba kila moja. Basi unachagua 390 au 470. Ninawaambia 470, michirizi ya njano, zambarau na kahawia: mkondo unashuka kuwa kama miliampia 8.5, taa inaonekana vizuri, na betri inadumu zaidi. Kwa besi tunaweka omu elfu 47 na kapasita ya mikrofaradi 10. Zidisha mbili hizo, kisha zidisha kwa 0.69, unapata sekunde 0.32 kwa kila taa. Ukitaka polepole, ongeza kapasita.

Nini kinatoka kwenye kopo na nini kinunuliwe? Rezista hazizeeki haraka: chomoa, pima, tumia. Transista ikipima vizuri ni nzima. Kapasita za elektroliti ndizo za kununua mpya, kwa kuwa majimaji yaliyo ndani hukauka kwa miaka, na saketi inayotegemea muda itakudanganya. LED zinapatikana kwenye tochi zilizokufa, ila nyeupe zinabaki na volti kama 3, kwa hiyo hesabu irudiwe.

Hapa ndipo historia inatugeukia. Redio ya mwaka 1975 ilikuwa na vipuri vyenye miguu, vikubwa vya kushikika, na jina limeandikwa juu. Simu ya leo ina vipuri vidogo kama punje za mchanga, vimebandikwa juu ya bodi kwa mashine, vingi havina jina lolote. Kijana wa Kihesa au wa Soweto ya Mbeya amezungukwa na elektroniki kuliko babu yake, na hana anachoweza kukifungua akakielewa. Vimebaki vitu vichache. Chaja za bei rahisi za simu na taa za enaji seva zilizoungua bado zina vipuri vya miguu: diodi za 1N4007, transista za 13001 au 13003. Lakini kila kimoja kina masharti yake. Bomba la enaji seva lina zebaki, lisivunjwe. Kapasita yake kubwa inaweza kuwa bado imebeba mamia ya volti. Na transista ile ilitengenezwa kuhimili volti nyingi, si kukuza mkondo, kwa hiyo kwenye taa zetu zinazopokezana haitaridhika na omu elfu 47 kwenye besi. Mpe elfu 4.7, na kapasita uiongeze mara kumi ili muda ubaki uleule. Hiyo ndiyo mbadala, kama walivyofanya wazee, kwa vifaa vya zama zetu.

Mwaka jana fundi wangu alifunga kazi. Macho yamechoka, na wateja wa redio wamekwisha. Mtu wa chuma chakavu alikuwa ameshapita na mizani yake, akataja bei ya makopo kwa kilo. Nilipopata habari nilipanda basi asubuhi, nikapita Mafinga na Makambako, nikafika Mwanjelwa mchana. Nilimwamkia, nikamwambia nayataka yeye akiwepo, si makopo peke yake. Tulikaa siku mbili. Alikuwa akinyanyua kipuri, anakisogeza karibu na jicho, anasema kilitoka kwenye redio ya aina gani, na mara nyingine ya nani: ya shule, ya ofisi ya kijiji, ya mama aliyekuwa akiuza mkaa na hakukosa kipindi cha jioni. Mimi niliandika.

Kuna mafundi wa namna yake Tukuyu, Makambako, Mafinga, Iringa mjini, na karibu kila mji wenye stendi. Wengi wana zaidi ya miaka 60. Vipuri vyao thamani yake kwa kilo ni ndogo, na mtu wa mizani hatauliza kimoja kimetoka wapi. Ukiwa na daftari, na siku mbili za kukaa kwenye kibao, unaweza kufika kabla yake.

Daftari letu la Iringa sasa lina safu tano: namba ya kipuri, mpangilio wa miguu, kipimo cha mita, kilikotoka, na kinakotumika sasa. Ukurasa wa kwanza una OC71 ya redio ya ofisi ya kijiji. Safu yake ya mwisho bado iko wazi, kwani kuna binti mmoja wa kidato cha pili anayesema anaitaka kwa redio yake isiyo na betri, na mimi nimemwambia hiyo ni ya kukuza sauti, inayofaa kwake ni diodi. Amejibu kwamba besi na emita ya jerimaniamu nazo ni diodi, Mwalimu. Ana haki. Jumamosi ijayo tutaijaribu.